Kitabu cha Nne, Kitabu cha Saba

Jumatatu, 14 Agosti

Ukungu tangu alfajiri. Ziwa halionekani, linasikika tu. Nimefungua dirisha la jikoni, ukungu ukaingia kidogo, ukasita, kama mgeni aliyekosea nyumba.

Marlys amepiga simu kabla sijamaliza kahawa. Yeye ndiye anayewaagizia vitabu akina mama wote wa huku tunaofundisha watoto nyumbani. Mwaka huu ameamua sarufi ifundishwe kwa pamoja, kila Alhamisi, kwenye chumba cha chini cha kanisa. Atafundisha mwenyewe. Wa darasa la saba, Kitabu cha Saba. Na Aila wako si wa la saba, ati?

Nikasema ndiyo. Umri wake ni wa la saba. Miguu yake ni ya la saba—viatu vya Juni havimtoshi tena! Lakini sarufi? Sarufi hatujawahi kuigusa. Miaka yote hii tunasoma, tunasimuliana, tunatembea msituni. Nilidhani sarufi humwingia mtoto yenyewe, taratibu, kama harufu ya moshi inavyoingia kwenye sweta.

Marlys anasema kuna jaribio la kupima ngazi, liko bure kwenye mtandao. "Mpe alifanye, dada, halafu ulale usingizi wako." Jibu analitaka wiki ijayo.

Aila alikuwa nje, amelala chali juu ya rundo la kuni. Nimemwita, nimemwita. Alipoingia nywele zilikuwa zimelowa umande. "Mama, nimetafuta ukingo wa ukungu. Hauna." Nikamwambia anawe mikono.

Jumatano, 16 Agosti

Jaribio. Amelifanya mezani, anaimba puani, mguu mmoja chini ya makalio. Mimi nikaenda kusahihisha kwenye kizingiti cha nyuma, juani.

Ngazi ya nne.

Nikasahihisha upya. Ya nne—na hiyo nimemwonea huruma. Kiima hakijui. Kiarifu hakijui. Nukta anaiweka pale pumzi inapomwishia, na mtoto huyu ana pumzi! Palipoandikwa "andika aya fupi" amejaza ukurasa mzima, sentensi moja: kulungu aliingia bustanini kwa bibi yake Aila, Mummo, akala maua, akamtazama Aila, na kwenye macho ya kulungu mlikuwa na dirisha, na ndani ya dirisha jiko, na ndani ya jiko Mummo anatisha watu kwa ufagio, na kulungu hakukimbia kwa sababu alikuwa anajitazama yeye mwenyewe akiwa ndani ya mtu mwingine, na...

Nikasahau nimeshika kalamu nyekundu. Nzuri mno. Na makosa matupu.

Anasoma vitabu vinene ambavyo mimi huviangusha usoni kwa usingizi. Kisha Kitabu cha Nne! Nimekiona kwenye kompyuta. Jalada lina bata.

"Nimepata?" akauliza kutoka mlangoni.

Bado nasahihisha, nikasema.

Ijumaa, 18 Agosti

Sijamwambia. Tumeshinda tukichuma matunda mekundu ya porini kwa ajili ya jamu. Yanaiva wiki hizi tu, laini, ukiyashika vibaya yanakuwa maji. Mikono yetu ni myekundu mpaka kwenye viwiko. Aila anaongea bila kupumzika na mimi nasikia nusu. Kila anapomaliza sentensi najikuta nasema moyoni: nukta.

Jumamosi, 19 Agosti

Mume wangu Reino amepiga kutoka bandarini. Wanapakia mawe ya chuma, meli inaondoka leo kuvuka maziwa, mtandao utapotea. Nikamweleza haraka haraka.

"Si ni kitabu tu, Dori?"

"Si kitabu tu. Umesahau ulichomwahidi mama yako?"

Nikasikia minyororo, na mtu kwa mbali anamtukana mwenzake kwa upendo.

Hakusahau. Aila alipokuwa darasa la pili alinyamaza. Hakugombana na mtu, hakuugua. Alinyamaza tu. Darasani mwaka mzima hakutoa neno, halafu ukimya ukamfuata mpaka nyumbani, ukakaa naye mezani. Mwalimu wake hakuwa mbaya. Alikuwa na watoto wengi na alichoka, aliniambia kwa upole, "Mwanao hayupo nasi." Nikamtoa. Maneno yakarudi polepole—kwanza kwa mbwa wa jirani, kisha kwa kuku, mwisho kwangu. Siku aliyoniomba chumvi nililia chooni.

Mummo Helvi alikasirika sana. Mama mkwe wangu amefundisha shule ile ile tangu ujana wake hadi kustaafu. Kumtoa mtoto shuleni kwake ni kama kumtoa kanisani. Reino akamtuliza: akifika la saba tutampima, Mama, akiwa nyuma ya wenzake anarudi shule. Nilikuwepo. Nikaitikia kwa kichwa. La saba lilikuwa mbali, kama nchi ya watu wengine.

"Chagua wewe," amesema Reino. "Wewe ndiye unayemwona kila siku." Halafu, ili nicheke: "Mimi hata sasa sijui kiarifu ni mnyama gani, na meli haijazama."

Sikucheka. Baadaye kidogo, nikianika nguo, nikacheka.

Jumapili, 20 Agosti

Baada ya ibada, kahawa kwa Mummo. Nyumba yake inanukia iliki—huoka nisu kila Jumamosi, mkate wa kusuka, hata sasa ambapo hakuna wa kula. Mzee wake alifariki Machi mwaka juzi. Bado anaoka kiasi kile kile.

Akamimina kahawa. Akaweka birika. Akauliza bila kunitazama, "Aila yuko kitabu gani cha sarufi mwaka huu?"

Nikasema, "Cha saba."

Lilitoka lenyewe! Laini kabisa, kama siagi. Aila akainua macho kutoka kwenye sahani. Mummo akaitikia kwa kichwa, akamkatia kipande kingine, kikubwa, na siagi juu.

Njiani: "Mama, kwa hiyo nimepata la saba?"

Nikasema tutaona. Misonobari ilikuwa inapita dirishani, inapita, inapita. Nilitamani barabara isifike.

Jumatatu, 21 Agosti

Nimempigia Marlys. Cha saba. Basi! Mtoto mwerevu atakipata mbele ya safari. Wangapi huanzia katikati?

Jumamosi, 2 Septemba

Vitabu vimefika. Vinanukia gundi na kitu kama mvua. Aila amekaa nacho kwenye ngazi za chumba cha juu, jua likimwangukia magotini. Nikamsikia anafungua, anasoma, anarudi nyuma, anasoma.

"Mama?"

"Naam."

"Hapa pameandikwa 'kama ulivyokwisha kujifunza.' Lini?"

Nilikuwa nakanda unga. Nikakanda zaidi.

Alhamisi, 7 Septemba

Siku ya kwanza. Alivaa sweta ya bluu, akajisuka mwenyewe. Corinne wa Marlys alimngoja mlangoni, wakashikana mikono, wakashuka ngazi za kanisa. Mimi nikakaa garini na dirisha wazi. Majani yameanza kubadilika, moja moja, mengine bado hayajapata habari. Nadhani nililala. Niliota Kitabu cha Saba kinaelea ziwani na mimi nakivuta kwa uma, na kila nikikichoma kinasema "kama ulivyokwisha kujifunza".

Walipotoka, Aila alikuwa wa mwisho. Ilikuwaje? "Sawa." Mlisoma nini? "Vishazi."

Marlys kanisogelea, kapendeza, kafurahi. "Mtulivu huyo! Malaika! Corinne wangu angekuwa hivyo japo dakika moja."

Malaika. Nikawasha gari.

Alhamisi, 14 Septemba

Mvua. Hajasema kitu tangu tutoke kanisani. Amekula. Ameosha sahani yake. Amenitabasamia, hata. Sasa amekaa dirishani.

Jumamosi, 16 Septemba

Sauna leo, kibanda chetu cha mvuke. Kuni kavu, mvuke mzuri. Kwa kawaida humo ndimo anamosimulia—gizani, kwenye ubao wa juu, jasho linamtoka na hadithi inamtoka. Nyingine zimeendelea tangu akiwa na miaka tisa. Kuna moja ya mwanamke anayeishi ndani ya radio.

Nikamwagia maji mawe. Yakanguruma. Nikangoja.

"Yule mwanamke wa radio yu hali gani?"

"Sijui."

Mvuke ukapanda mpaka sikumwona tena. Nilinyoosha mkono nikagusa kisigino chake. Kipo. Nikakishika. Hakukivuta, wala hakusema.

Naujua ukimya huu. Nimewahi kuishi nao nyumba moja.

Jumapili, 17 Septemba

Sikwenda kanisani. Nikasema kichwa kinaniuma. Aila yuko juu.

Nimekaa mezani na lile jaribio, nakala tupu, nikitafuta—sijui nilikuwa natafuta nini. Kosa la wachapishaji, labda. Nikashika penseli nikaanza kujibu mwenyewe. Mwanzo haraka haraka. Kisha polepole. Kisha nikatafuna penseli. Kihusishi ni kipi? Kishazi tegemezi kinaishia wapi? Haya, Doreen!

Nikasahihisha. Ngazi ya tano.

Mimi! Mwanamke mzima, na cheti cha chuo kimening'inia kwenye korido! Nikaanza kucheka, sikuweza kujizuia, machozi yakanitoka, nikaweka kichwa mezani.

"Unacheka nini?" Aila, kwenye ngazi, na blanketi mabegani.

Nikamwambia. Nilisema yote, nikiwa bado napangusa macho. Mimi ngazi ya tano. Yeye ya nne. Siku ile kwa Mummo mdomo wangu uliogopa ukasema cha saba, na nikakiagiza ili mdomo usiaibike. Na ahadi ya baba yake, hiyo pia. Ile ya kurudi shule.

Hakucheka. Akashuka ngazi moja, akakaa.

"Yaani mimi nimekaa pale Alhamisi zote mbili," akasema, "nikidhani kuna kitu kimeharibika kichwani. Wenzangu wote wanacheka mahali pa kucheka. Kumbe ni kurasa tu. Kurasa ambazo sijazisoma."

"Ndiyo."

"Ungeniambia ningejua."

"Ndiyo, mwanangu."

Akavaa buti, akatoka na blanketi lake. Nilimwona akishuka mpaka majini, akasimama huko muda mrefu, mdogo, blanketi linapepea. Sikumfuata. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kutomfuata.

Aliporudi pua ilikuwa nyekundu. "Hicho cha nne. Ni kweli kina bata?"

"Kina bata."

"Basi, bata."

Hayo ni maneno mengi kuliko ya wiki nzima! Nayaandika hapa yasipotee.

Jumanne, 19 Septemba

Nimekwenda kwa Marlys kumwambia uso kwa uso. Alikuwa anafungasha pasti, mikate yenye nyama ndani, unga mpaka kwenye nyusi. Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa kupita kiasi.

"Doreen wee, watamcheka. Mwache akae tu nyuma, achukue anachokichukua. Baada ya miaka michache nani atajua?"

"Yeye atajua."

Akabana kingo za pasti kwa uma, moja baada ya nyingine, akafikiri. Marlys ana kelele lakini si mbaya. Akaenda stoo akarudi na Kitabu cha Nne, kikuukuu, cha Corinne. Bata wote wa jaladani wamechorewa masharubu.

Corinne alikuwa nyuma ya mlango, bila shaka alisikia kila kitu. "Aila atasoma cha watoto?"

"Corinne!"

"Nimeuliza tu."

Nikampa Aila ujumbe huo neno kwa neno, nimekoma kuficha. Akakitazama kitabu, akakigeuza. "Mwambie hawa si watoto. Wana masharubu."

Jumamosi, 23 Septemba

Kumbe Kitabu cha Nne kina siri ambayo cha saba hakisemi, kwa kuwa kinadhani unaijua. Kinafundisha kuchora sentensi. Mstari mmoja unalala. Kiima kushoto, kiarifu kulia, kijistari kinasimama katikati yao kama mlango. Maneno mengine yote yanalazimika kutafuta ya kuning'inia. Kivumishi kinaning'inia chini ya nomino yake. Kielezi chini ya kitenzi chake. Hakuna neno linaloelea. Kila neno lazima liseme: mimi ni wa nani?

Aila alisoma ukurasa ule, akanyamaza—lakini ukimya mwingine, ule wa paka aliyeona ndege. Akachora "Bata mweupe aliogelea polepole." Akauinamia mchoro. Akauinua kwenye mwanga.

"Mama. Ina mifupa!"

Leo kachora kwenye kioo cha sauna kilichopata mvuke. Kachora mchangani kwa kijiti, sentensi ndefu kama mtumbwi, mawimbi yakaja yakala kielezi.

Ijumaa, 29 Septemba

Hatwendi tena Alhamisi. Asubuhi tunakaa meza moja: yeye cha nne, mimi pia cha nne, namsomea begani. Ananishinda. Mimi huchanganya vihusishi na yeye ananisahihisha kwa sauti ya Mummo, "Doreen, mwanangu, fikiri kabla hujashika kalamu." Majani yote mekundu sasa. Yakianguka yanapita dirishani bila haraka, na sisi tunang'iniza maneno, na kuna saa nzima sikumbuki kuwa kuna mtu yeyote duniani anayengoja majibu.

Jumatano, 4 Oktoba

Amechukua aya yake ya kulungu. Ile ya jaribio. Ametandaza karatasi ndefu ya kufungia nyama sakafuni, jikoni mpaka sebuleni, na anaichora yote. Nimepika nikiruka ruka.

Alasiri akainuka, magoti yana wino. "Mama, sio sentensi moja! Ni sentensi nyingi zimeshikana mikono zikiogopa kuachana."

"Utaziachanisha?"

Akazungukazunguka, akazitazama kutoka juu kama mtu aliye kwenye ndege. "Nyingi. Hizi mbili, hapana. Hizi zinapendana."

Jioni nikaisoma ilivyoandikwa upya. Nukta zake zote zipo mahali pake. Na kulungu bado yumo, na dirisha ndani ya jicho lake bado limo. Niliogopa nukta zingemfukuza. Sikujua kama niliogopa hivyo mpaka nilipomwona bado amesimama pale.

Na kwenye chakula: mwanamke wa radio amepata jirani. Anaishi kwenye saa.

Alhamisi, 12 Oktoba

Kijiji ni kidogo. Corinne kamwambia mtu, mtu kamwambia mtu, na leo simu.

"Nasikia Aila yuko kitabu cha nne." Mummo hasalimii akiwa na jambo.

"Ndiyo, Mummo. Siku ile nilikudanganya. Aliyekosa ni mimi, si yeye."

Nilisikia saa yake ya ukutani. Akasema hilo la uongo tutaliongea siku nyingine, yeye ni mtu mzima na ameshadanganywa na watu wazito kuliko mimi. Lakini nne ni nne. Ameshaongea na shule. Nafasi ipo. Watampokea hata Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu. "Nakuja Jumanne kumwona mwenyewe."

Nikampigia Reino, nashukuru walikuwa karibu na nchi kavu. Mama yake alishampata kabla yangu.

"Dori, nilimpa neno langu."

"Ulimpa na langu."

"Ulikuwepo. Uliitikia kwa kichwa."

Kweli. Upepo ukavuma kwenye simu yake. Nikamwambia anaongea, Reino, anaongea kuanzia asubuhi, ananisahihisha, nyumba nzima ina karatasi. Akasema kwa sauti ndogo, "Kajaribu kunieleza kuchora sentensi wiki iliyopita. Sikuelewa kitu. Nimebaki nasikiliza sauti tu." Kisha: "Mwache Mama amwone. Yeye si jiwe." Kisha mtandao ukakata, kama kawaida yake.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimemwambia Aila kila kitu. Mummo, shule, tarehe. Akauliza, "Akiniuliza nisichokijua je?"

Nikasema sijui.

"Walau leo umesema hujui," akasema, akaniegemea. Nywele zake zinanukia wino na moshi.

Jumanne, 17 Oktoba

Theluji ya kwanza! Nyepesi, haijaamua. Inashuka, inapanda tena, inazunguka taa ya barazani.

Mummo amefika. Gari lake tulilisikia kabla ya kuliona. Amekataa nimpokee koti. Amekaa nalo mezani, vifungo vyote, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja basi. "Aila. Kaa hapa. Leta karatasi."

Mimi niko kwenye kaunta, nimesimama, nawapa mgongo nusu. Najifanya naandika vitu vya dukani, kumbe ni daftari hili. Mayai. Sabuni. Siwezi kukaa na siwezi kutoka.

Mummo anasema sentensi bila kitabu, zinamtoka kama sala. "Mbwa mweusi alibweka." Penseli ya Aila inakwaruza. Tayari. "Watoto wa jirani walikimbia haraka kuelekea ziwani." Inakwaruza zaidi. Tayari. Mummo anavaa miwani. Anavuta karatasi, anatazama, anairudisha. Nyingine, ndefu. Aila amekosea mahali, amegundua mwenyewe, amefuta. Amepuliza vumbi la ufutio. Bado hajasema kitu, na hapo ndipo ninapoogopa, maana sijui ni ukimya upi huu.

Aaa, sukari. Chumvi.

Sasa Mummo amegeukia dirisha, theluji. Amekaa hivyo. Amesema, polepole, si kwa ile sauti ya sala: "Tangu mzee aondoke, bibi anakunywa kahawa peke yake jikoni."

Nadhani lilimtoka tu.

Aila anachora. Mstari mrefu unalala. Bibi. Anakunywa. Kahawa. Anaandika taratibu, ametoa ncha ya ulimi. Jikoni ameipata. Kipande cha mzee amekitundika pembeni na vitone vya kukiunganisha. Yamebaki maneno mawili. Penseli imesimama hewani.

Mummo amenyoosha mkono kumwonyesha. Najua mkono huo, umewaonyesha watoto wa kijiji hiki chote, pamoja na mume wangu.

"Subiri, Mummo," Aila amesema. "Usiniambie."

Mkono umebaki pale pale. Haujarudi, haujaendelea.

"'Peke yake,'" Aila anasema, kwa sauti kabisa, kwa sauti yake ya sauna. "Ningeweza kuitundika kwenye 'anakunywa.' Kitabu kingetaka hivyo, nadhani. Lakini mimi naona ni ya bibi. Kwa sababu hata akimaliza kunywa, bado yuko peke yake. Sivyo?"

Birika limeanza kulia. Hakuna anayeinuka, hata mimi. Mummo amevua miwani. Ameushusha mkono ule mezani, kwenye karatasi, karibu na mahali pa maneno ambayo bado hayajaandikwa, na Aila anamngoja, hamwondolei macho.

"Doreen," Mummo ameita, "nipokee koti."

Si sauti ya mwalimu. Hii siijui. Naenda—